Dhambi ya Mmoja, Kaburi la Wengi

Idi Amin, mtawala wa Uganda ambaye nasaba yake ni ya Wakakwa wa Koboko, alipoangushwa mwezi wa Aprili 1979, hisabu ya maovu yake haikuandikwa kwa jina lake peke yake, bali kwa jina la kila mtu wa Nile Magharibi, eneo la ukoo wake, awe Mlugbara, Mkakwa au Mnubi, awe amewahi kubeba bunduki au hajapata kushika ila jembe. Ndipo maelfu wakavuka mipaka ya Zaire na Sudani. Wengine walikimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, wakiamini kuwa ua wa kanisa ni amani, na humo, tarehe 24 Juni 1981, askari wa serikali wakawaua makumi kwa makumi, wake kwa waume, na watoto pia.

Kila mwaka siku hiyo husaliwa penye kaburi la pamoja. Msikiti na kanisa, katika nchi ile, hufundisha kwamba kila mja ataulizwa amali zake mwenyewe; basi kwa insafu gani ukoo mzima uliulizwa za mtu mmoja? Naam, Waacholi na Walangi waliouawa zama za Amin wana haki iyo hiyo ya kuliliwa, wala haki yao haipungui kwa kuitambua ya Ombaci. Lakini aliyedhulumiwa akiachwa aomboleze na jamaa zake tu, hata msiba wake umebaguliwa. Kwa hiyo nawasihi viongozi wa Kampala, wa Gulu kwa Waacholi na wa Lira kwa Walangi: tarehe 24 Juni nendeni Ombaci, mkae chini pamoja na wafiwa.