Mwanangu, Anza na PF3

Mwanangu, keti. Jana nimekusikia ukimwambia yule mama, ambaye mumewe dereva wa bodaboda aligongwa, kwamba "atalipwa tu". Nani kakuambia? Neno hili nimewaambia makarani waliokutangulia hadi ulimi umechoka, na leo nitalisema tena, taratibu.

Wewe si wakili, ni karani wa wakili. Mteja akikuuliza atapata milioni ngapi, mpeleke kwa mwenye kazi. Yako ni karatasi. Uliza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kabla hujauliza lolote. Kisha namba ya gari, stika ya bima, ramani ya ajali aliyochora askari wa usalama barabarani, na kesi ya trafiki iko mahakama gani. Dereva akikiri na kupigwa faini, fuatilia nakala ya hukumu mapema; kampuni ya bima haitakuacha upumue bila hiyo. Wala usiidharau bima ndogo kwa jina lake. Ndiyo inayomlipa aliyegongwa.

Tunduma hii ni mpakani, si Dodoma. Lori linamgonga mtu asubuhi, mchana limeshavuka Nakonde, kesho linatafuta njia ya Kongo. Likiwa la Zambia, ulizia kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya magari yanayovuka mipaka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi ile bado inafanya kazi huku kwetu. Isiponakiliwa kabla gari halijavuka, utaisaka mpaka uote mvi kama hizi.

Na utingo aliyeumia Mlima Senjele akiwa kazini, usimkimbizie bima ya gari peke yake. Huyo ana haki WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na dai lake lina miezi 12. Shauri la kawaida la madhara lina miaka 3. Andika tarehe ya ajali juu ya jalada kwa wino mwekundu, maana watu wa Ileje na Momba hutufikia wakiwa wamechelewa: wameanzia kwa ndugu, wakaenda kwa fundi wa kuunga mifupa, wakaishia kwa mwenye gari aliyewapa laki mbili na karatasi ya kutia dole gumba. Usiwagombeze, wametoka mbali. Isome ile karatasi. Ukikuta imeandikwa kwamba madai yote yamekwisha, ifikishe kwa wakili siku hiyohiyo.

Sasa hili, ambalo ndilo linalonichosha hasa. Kuna vijana wanaoshinda wodini wakiwanong'oneza majeruhi jina la wakili fulani ili wakatiwe chao. Maadili ya uwakili yanakataza, nawe unajua. Mtu amelala mguu umening'inizwa, dawa zimemlevya, atakubali chochote. Usiende. Akija mwenyewe ofisini, mpokee, mpe kiti kabla ya fomu. Na akikuachia elfu tano ya soda, mkatie risiti au mrudishie.