Safari ya Bei Nafuu: Nafuu kwa Nani?



Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, kuna swali linazunguka huku Moshi, kwenye jumuiya, kwenye kwaya, mpaka kijiwe cha boda: je, ni sawa mbele ya Mungu familia ya kawaida ikusanye hela kwenda kukiangalia chuo nje ya nchi, wakati mdogo wako anadaiwa ada? Wapo wanaojibu haraka kwamba Mungu atatoa, nendeni tu. Wapo wanaosema huo ni ushamba wa kutafuta picha za Nairobi. Naona wote wawili wamelikwepa swali.

Tuchukue mfano wa karibu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kipo Lang'ata, Nairobi. Kilianzishwa na maaskofu wa AMECEA mwaka 1984, wa kwetu wakiwemo, na Papa Yohane Paulo II alikuja mwenyewe kukizindua Agosti 1985. Kwa hiyo kwa namna fulani ni chuo cha nyumbani, ila mpaka uko palepale. Kutoka Moshi unapita Arusha, unavuka Namanga, unaingia Nairobi, kama kilomita 350 hivi. Tuseme familia ya Uru inataka kwenda: baba, mama, mhitimu wetu na wadogo zake wawili. Hati ya dharura ya kusafiria ni shilingi 20,000 kwa mtu, pasipoti ya kielektroniki ni 150,000. Kwa watu watano hiyo ni 100,000 au 750,000, na hapo hamjakata tiketi, hamjala, hamjalala, wala hamjafikiria cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ndipo mzee anapochukua daftari na kusema, "Tutafanya safari ya bei nafuu."

Kwanza, je, kuna haja ya kwenda? Si picha zipo kwenye intaneti? Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba busara haiishii kwenye kanuni za jumla. Inabidi ijue mambo mojamoja, hili hapa na lile pale, kwa sababu matendo yetu hufanyika humo. Kipeperushi kinakupa ya jumla. Umbali wa hosteli na darasa, bei ya sahani ya chakula pale nje ya geti, jinsi wanavyomjibu mtoto wa mkulima anapouliza ada inalipwa kwa awamu ngapi, hayo unayajua ukifika. Na tusisahau mawakala wanaopita mitaani wakiahidi nafasi za vyuo vya nje. Mzazi aliyefika na kuona hadanganyiki kirahisi.

Lakini busara hiyohiyo inaanza na yale yasiyohitaji basi. Ulizeni TCU mapema kama shahada hiyo itatambulika ukirudi. Pigeni hesabu ya miaka yote, siyo ya siku tatu za matembezi. Mkijua ada ya mwaka wa pili haina pa kutoka, safari haina kazi. Na tazama Moshi yenyewe: Mwenge ipo, na Chuo cha Ushirika kilichoanza mwaka 1963 sasa ni chuo kikuu kamili tangu 2014. Kama kozi unayoitaka inafundishwa hapa, mwambie mzee ukweli kwamba unatamani tu kutoka nyumbani. Hilo si dhambi. Lakini lina bei, na mwenye kulipa ana haki ya kujua analipia nini.

Sasa turudi kwa wale wa "Mungu atatoa". Katika Injili ya Luka sura ya 14 Yesu anamsema mjenzi ambaye hakukaa kwanza kuhesabu gharama za mnara wake. Na Thoma anasema kuona mbele, kujiandaa kwa yajayo, ni sehemu ya fadhila ya busara, tena anatumia neno lilelile la Kilatini linalotumika kwa Maongozi ya Mungu. Nilipokutana na jambo hilo darasani nilifurahi sana. Ina maana anayepanga bajeti kwa moyo mnyofu hashindani na Mungu anayetutunza. Anashiriki kidogo kazi yake. Wasiwasi unaokunyima usingizi ni kitu kingine, huo Yesu ameukataza. Ila daftari na kalamu hakuvikataza.

Hapa ndipo penye uzito kwangu. Thoma anaitofautisha busara ya mtu kujiongoza mwenyewe na busara ya kuongoza nyumba, maana wema wa mmoja na wema wa nyumba nzima si kitu kimoja. Sasa lifungueni lile daftari la mzee. Mara nyingi kilichoandikwa mle ni hela ya kahawa kutoka chama cha msingi. Huku kwetu mlimani tunajua desturi: kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni vya mama. Nauli na hati zitaandikwa, zitajumlishwa, zitakatwa. Lakini zile chapati na mayai ya kuchemsha ya njiani, sweta la dogo, vocha, sabuni, zawadi kwa ndugu atakayewapokea Nairobi, vyote vinatoka kwenye kapu la mama na havimo kwenye daftari. Ng'ombe je? Wa kwetu wanafugwa ndani, lazima mtu akate majani kila siku. Bibi atafanya. Bibi hajaulizwa.

Halafu tunasema safari ilikuwa nafuu. Nafuu kwa nani? Ilikuwa nafuu kwa sababu wawili watatu walibeba kimya kimya sehemu ambayo haikuandikwa. Hili si suala la uhasibu tu, ni la haki, na ninaogopa kwamba familia nyingi nzuri, zinazosali, hukosea hapa bila ubaya wowote. Mama anayejitolea kwa hiari anafanya tendo la upendo, tena kubwa. Lakini ili iwe hiari, lazima kwanza aulizwe, na gharama yake ionekane. Andikeni ndizi. Andikeni maziwa. Andikeni siku tatu za majani, hata kama ni kumlipa kijana wa jirani akate. Jumla itapanda, ndiyo, na huenda mkagundua kwamba watano hamuwezi kwenda.

Basi waende wawili. Mimi ningemtuma mama pamoja na mhitimu. Najua wazee wengine watanikasirikia, maana mkuu wa familia ndiye anayezoeleka kwenda kuzungumza na wakubwa. Lakini mama ndiye atakayeuliza maji yanatoka saa ngapi na binti akiugua usiku anapelekwa wapi, na zaka ya maswali hayo, kwa kweli, ina faida kuliko hotuba ya ofisini. Na msisafiri Desemba. Wakati Wachagga wote wanarudi kula Krismasi nyumbani, nauli haina huruma.

Familia Takatifu nayo ilikuwa ya bajeti ndogo. Pale hekaluni Maria na Yosefu walitoa sadaka ya ndege wawili, ile ambayo Sheria iliwaruhusu wasioweza kununua mwanakondoo. Hata hivyo kila mwaka walipanda kwenda Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100, pamoja na ndugu na majirani. Na safari ile ya mwaka wa kumi na mbili kijana wao alikutwa ameketi kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Mara nyingi tunakumbuka majibu yake yaliyowashangaza watu. Mimi napenda kwamba aliuliza.

Nawe ukifika chuoni, uliza, na uwe huru kusema hapana. Kuna vijana wamejiandikisha mahali ambapo moyo ulikataa, kwa sababu tu nyumba nzima ilijibana ili wapaone. Mzazi, mwambie mwanao kabla ya kupanda basi kwamba hela hiyo imelipia kuona, haijalipia kukubali.

Jioni ya kupiga hesabu anzeni na Rozari, tendo la tano la furaha, Yesu anapatikana hekaluni. Kisha leteni daftari mezani, na bibi awepo.