Kipimo na Dhana Iliyomo Ndani Yake

Mtu akikuambia kuwa amepima, muulize kwanza: umepima kwa kudhani nini?

Watu wa Marambo wanalijua swali hili. Mwaka 1946 Waingereza walituma wajumbe watatu kutazama ardhi itakayolimwa karanga. Wiki tisa ziliwatosha, na sehemu kubwa waliitazama kutoka angani. Wakarudi na hesabu ya ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zake Tanganyika, Nachingwea ikiwamo. Hesabu yenyewe ilijumlika vizuri. Yaliyoponza ni yaliyodhaniwa kabla yake: kwamba mvua itakuja kwa wakati, na kwamba pori litaitii mashine. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 hivi zimepotea. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo, nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Usiwacheke upesi. Wataalamu wa leo wanatafuta uzito wa nyutrino, chembe ndogo mno zinazopita mwilini mwako usiku na mchana bila ya wewe kuhisi. Hawaziweki juu ya mizani. Hutazama mnururisho wa kale uliobaki tangu ujana wa ulimwengu, na jinsi magalaksi yalivyotawanyika, kisha hukisia uzito kwa kufuata mfano wa ulimwengu walioukubali. Mwaka 2024 kundi la DESI lilitangaza kwamba nyutrino tatu kwa jumla hazizidi elektroni-volti 0.072. Lakini hapo imedhaniwa kuwa nguvu inayoutanua ulimwengu haibadiliki. Iache nguvu hiyo ibadilike, na vipimo vile vile vinaruhusu karibu 0.2. Mbingu ni ile ile!

Je, anayetaja namba ya kwanza peke yake amesema uongo? La. Lakini mimi nasema hajatimiza amana, maana amekupa yakini mahali palipo na dhana. DESI, kwa haki yao, waliandika sharti lao na namba zote mbili.

Sasa shuka kutoka mbinguni uje Ruangwa msimu wa ufuta. Mnunuzi anapima gunia, halafu anakata kilo kwa kudhani lina unyevu. Mizani haikudanganya hata kidogo. Mkulima amesimama pale, na haki yake ni kuuliza: bwana, unyevu huo umeupima, au umeudhani?