Bei ya Kadi na Ridhaa ya Mwuzaji

Kwa nini kipande cha karatasi ngumu, kisichoweza kuliwa wala kuvaliwa, kinunuliwe kwa mali nyingi? Huko Marekani watu hukusanya kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli. Mwezi wa Agosti 2022 kadi moja ya Mickey Mantle, iliyochapwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, ilinunuliwa kwa dola milioni 12.6. Na hali Sy Berger, aliyekuwa mtumishi wa kampuni hiyo, alisimulia kwamba mwaka 1960 masanduku ya kadi za toleo lilo hilo yalitupwa baharini kwa kukosa wanunuzi. Karatasi ni ile ile. Kilichobadilika ni haja ya watu na uchache wa kadi zilizobakia.

Basi, ikiwa bei ni rai ya watu tu, je, ni halali mtu kuchukua kitu kwa bei yoyote atakayotajiwa? Swali hili lilifika mahakamani. Mwaka 1990, katika jimbo la Illinois, mvulana wa miaka 12 aliona dukani kadi ya mwaka 1968 ya mchezaji Nolan Ryan. Mwenye duka aliitaka dola 1,200, lakini msaidizi asiyeizoea biashara hiyo alidhani bei ni dola 12. Mvulana akalipa, akaondoka nayo. Mwenye duka akashitaki. Hatimaye, mwaka 1991, pande zote mbili zilikubaliana kadi inadiwe, na fedha zake zitolewe sadaka.

Huenda mtu akasema: "Mnunuzi hana kosa, alitajiwa bei, naye akalipa." Jawabu letu ni kwamba yatupasa kupambanua mambo mawili. Mwenye kujifunza ubora wa kitu kwa juhudi yake, kisha akakinunua kwa bei aliyoikata mwenyewe mali kwa hiari, huyo anakula jasho la elimu yake. Lakini anayejua kwamba jicho la mwuzaji limeteleza, naye akanyamaza, huyo amelipia dola 12 tu. Zile 1,188 amezichukua bila ridhaa. Biashara husimama juu ya ridhaa ya pande mbili, na aliyekosea kusoma bei hakuridhia.

Hatumhukumu mtoto yule, kwani alikuwa mdogo. Sisi watu wazima hatuna udhuru huo. Huenda hutaishika kadi ya namna hiyo maishani mwako. Lakini siku mwenye duka atakapokosea akakurudishia chenji iliyozidi, swali litakuwa lile lile. Hapo jiulize: "Je, ningependa alijue ninalolijua mimi kabla sijaondoka?" Ikiwa moyo wako unajibu hapana, basi rudi dukani, ndugu yangu, japo ni kwa shilingi mia.