Maskani ya Utotoni

Juma hili, mvua ilipotukusanya chini ya bati la mgahawa hapa Lufingo, na akina mama wakingojea gari la kupeleka mikungu yao ya ndizi Tukuyu, kijana mmoja alitamka neno ambalo hata leo halijaniachilia: kwamba kwetu hapatawekwa kibao cha kumbukumbu kamwe, kwa sababu hapakuzaliwa rais. Wenziwe walicheka. Mimi nilinyamaza, si kwa kukosa jawabu, bali kwa kuwa jawabu lilikuwa refu kuliko chai iliyosalia kikombeni.

Aendaye Butiama huonyeshwa Mwitongo, maskani ya Mtemi Burito wa Wazanaki, alipozaliwa Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, tarehe 13 Aprili 1922 na alipozikwa Oktoba 1999, mwaka uleule lilipofunguliwa jumba la makumbusho lenye jina lake. Na wallahi ni insafu mahali pale pahifadhiwe kwa taadhima. Lakini Mwitongo haukuzaa rais. Ulizaa mtoto aliyepewa jina la mzimu wa mvua, mwana wa Bibi Mgaya, mke wa tano miongoni mwa wake 22 wa mtemi, mchunga mifugo asiyejua kalamu mpaka alipokaribia umri wa miaka 12, ndipo akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Husimuliwa kuwa Mtemi Makongoro wa Waikizu, aliyekuja kuzungumza na rafikiye Burito, alikaa na mtoto huyo kwenye bao, akaona jinsi anavyohesabu kete kichwani kabla ya kuzitia mkono, akamshauri babaye amtie shule. Yule mgeni wa barazani, ambaye siku ile hakuwa na faida yoyote ya kupata kwa mtoto wa mwenzake, ndiye ninayemwonea ghera.

Utaniambia: Mzee, ndiyo maana ya vibao, mtoto wa kijijini ajue kuwa ukubwa hutoka popote. Nakubali, ila kwa sharti. Kibao kinachotaja mzawa pasipo kumtaja aliyemtambua humfundisha mtoto huyo kungoja bahati, na humfundisha mzee wake kungoja vilevile. Nao wote wawili wataendelea kungoja, ilhali bao limo uwanjani na mtoto anashinda kila jioni asiulizwe na mtu.

Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo wilaya hii haijakosa walimu wa kusoma na kuandika, wengi wao wakizikwa pasipo jiwe. Basi rai yangu kwa wakubwa wa kata ni hii: Lufingo isingoje rais. Kibao chetu cha kwanza kisimame mlangoni mwa darasa la kwanza, kiandikwe majina ya waliofundisha humo, mmoja baada ya mmoja, na nafasi iachwe chini. Wachora mabango wapo Tukuyu, na ujira wao, nadhani, hauzidi mikungu michache ya ndizi.