Chura Asiye na Faida

Tunapomkataza mtoto wa shule ya msingi kuua chura, mara nyingi tunampa sababu moja: chura hula mbu. Sababu hiyo inaeleweka upesi Ruziba, kusini mwa Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika, ambako mvua huleta madimbwi, mbu na malaria. Swali langu ni hili: je, faida ni msingi unaotosha wa kumlinda kiumbe?

Naona hautoshi, hasa kwa viumbe walio hatarini kutoweka. Viumbe hao ni wachache. Chura aliyebaki katika msitu mmoja hawezi kupunguza mbu wa nchi nzima. Tukimpima kwa mbu anaowala, yeye atakuwa wa kwanza kuachwa afe. Hivyo hoja ya faida huwalinda walio wengi na kuwaacha wanaohitaji ulinzi.

Tuchukue mfano wa Tanzania. Mwaka 1996, mradi wa umeme wa mto Kihansi ukiwa tayari unajengwa, watafiti walimgundua korongoni chura mdogo wa manjano, anayezaa badala ya kutaga mayai, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Mtambo wa megawati 180 ulipoanza kazi, maji mengi yalielekezwa huko na manyunyu yakapungua. Vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kufugwa, na mabomba ya kunyunyiza maji yakafungwa korongoni. Hata hivyo, mwaka 2003 idadi ya waliobaki ilianguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ulikuwa umeonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Mwaka 2012 baadhi ya waliozaliwa katika ufugaji walianza kurudishwa Kihansi.

Mtu atanipinga: umeme huwasha taa za hospitali, na mama anayejifungua gizani hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya chura. Hoja hiyo ni nzito. Ningelazimika kuchagua, mimi pia ningemchagua mama. Lakini kusema kwamba mtu ana thamani kubwa zaidi si kusema kwamba chura hana thamani. Tofauti iko hapa: kama chura hana thamani, hakuna wa kuulizwa chochote. Kama anayo, mwenye kujenga lazima atazame korongo kabla ya kuchimba, na atafute njia ya kupata umeme bila kumaliza uhai ambao hakuna fundi awezaye kuutengeneza upya.

Hapa Burundi pia tuna mfano. Katika msitu wa Bururi kuna chura mweusi mwenye madoa ya kijivu na buluu, ambaye baada ya mwaka 1949 hakuonekana tena na watafiti hadi 2011. Walimtafuta usiku kwa kufuata sauti yake. Methali yetu husema kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji, yaani sauti ya mnyonge haihesabiwi. Bururi sauti hiyo ilihesabiwa kwa sababu kuna waliokubali kuisikiliza, na si kwa kuwa walitarajia awapunguzie mbu.

Kwa hiyo mwalimu wa Ruziba aanze na mbu, kwa kuwa mtoto hujifunza kutoka kwenye anachokijua. Asiishie hapo. Mtoto aliyezoea kuuliza kila kiumbe "unanifaa nini?" hatashindwa kesho kumuuliza hivyo bibi yake asiyeweza tena kulima, au jirani mgonjwa asiyeinuka kitandani. Tukimfundisha kumwacha chura aishi hata asipopata chochote kwake, tunamfundisha pia jinsi ya kuishi na watu.