Chombo cha Mwajiri, Siri ya Ndugu

Barua iliyoniita kwenye kikao cha nidhamu ilikuwa na kurasa 2, na kiambatisho chake kurasa 38. Zile 2 zilieleza tuhuma: kwamba kwa muda wa miezi minne nilitumia anwani ya barua pepe ya kazini kwa mambo yangu binafsi, kinyume cha mwongozo nilioutia saini siku niliyoajiriwa. Zile 38 zilikuwa ni barua zenyewe, zangu kwenda kwa dada yangu aliyeko Tanga, na zake kuja kwangu Birmingham. Kila ukurasa uligawanywa sehemu mbili: kushoto Kiswahili chetu, kulia Kiingereza kilichotolewa na programu ya kutafsiri. Nilizisoma usiku nyumbani, Small Heath, nikiwa nimeufunga mlango wa chumba, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nikichungulia barua za watu wengine.

Sikuwa na la kukana. Kaka yetu mkubwa alikuwa mgonjwa, na dada ndiye aliyemuuguza. Pale kazini simu za mkononi hufungiwa kabatini. Nilipotoka ofisini saa kumi na moja unusu jioni, majira ya baridi, Tanga ilikuwa saa mbili unusu usiku. Daktari alikwisha kuondoka na dada alikwisha kuchoka. Majibu ya vipimo aliyapiga picha akayatuma, nami niliyachapa kwa mashine ya ofisi ili nimwonyeshe mtu mwenye ujuzi. Mwanzoni nilijiambia kwamba ni barua moja tu. Kufikia mwezi wa pili sikujiambia kitu.

Swali la mwajiri lilikuwa jepesi: je, ulikitumia chombo chetu kwa shughuli zako? Jibu lake ni ndiyo. Lakini nyuma yake kuna swali jingine, nalo ndilo ninalotaka kulipima hapa. Mwenye chombo ana haki gani juu ya neno lililopakiwa ndani ya chombo chake? Na yule aliyelipakia ana wajibu gani, na kwa nani?

Tusimwonee mwajiri. Anwani ile ilibeba jina la ofisi kabla ya kubeba langu. Ofisi hiyo hutunza taarifa za wateja, na sheria huibana izilinde; haiwezi kuwa na milango asiyoijua mlinzi. Hata muda niliouandikia barua zile nilikuwa nimekwisha kuuuza kwa mkataba. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sidhani kwamba walitukataza kuazima. Walituonya kwamba mwenye nguo aweza kuidai wakati wowote, hata tukiwa katikati ya watu, na kwamba atakapoidai hatakuwa ametudhulumu nguo yake.

Tena jambo hili lina historia katika mji huuhuu. Mwaka 1780 James Watt, mshirika wa Matthew Boulton katika biashara ya injini za mvuke, alipata hataza ya mashine ya kunakili barua. Karatasi nyembamba yenye unyevu ilikandamizwa juu ya barua iliyoandikwa punde, ikapokea wino wake kinyumenyume, nayo ikasomwa kwa upande wa pili. Hivyo ofisi iliweza kuipeleka barua na papo hapo kubaki nayo, bila karani kuiandika mara mbili. Hadi leo hifadhi ya nyaraka za Boulton na Watt imo katika maktaba kuu ya Birmingham. Kwa hiyo barua ya ofisini ina wasomaji wawili tangu zamani: aliyeandikiwa, na kabati. Barua pepe imelifanya kabati lisionekane, basi.

Lakini sisi tulilelewa na adabu nyingine ya barua. Barua ni nusu ya kuonana, tuliambiwa. Na kuonana kuna faragha yake. Barua ilitiwa mkononi mwa msafiri, naye aliifikisha. Aliyepewa barua aifikishe hakuwa mwenye barua, hata kama jahazi lilikuwa lake. Mtoto wa shule aliitwa na bibi asiyejua kusoma, akamsomea habari za mwanawe aliyeko mbali, kisha akatoka nje kucheza kama asiyejua lolote. Kusoma hakukumpa umiliki, kulimpa amana. Adabu hii inatenganisha vitu viwili ambavyo mwongozo wa kazini huviunganisha: chombo na neno.

Sheria za Ulaya nazo zimejaribu kuvitenganisha. Tarehe 3 Aprili 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Uingereza ilivunja haki ya Lynette Copland, mfanyakazi wa chuo kimoja huko Wales, kwa kuwa simu zake, barua pepe zake na matumizi yake ya intaneti kazini vilifuatiliwa pasipo yeye kujulishwa. Tarehe 5 Septemba 2017 Baraza Kuu la mahakama hiyo likatoa uamuzi katika shauri la Bogdan Bărbulescu, mhandisi wa Romania aliyefukuzwa kazi mwaka 2007. Huyu alifungua akaunti ya Yahoo Messenger kwa ajili ya kuwajibu wateja. Mwajiri akakuta humo mazungumzo yake na ndugu yake na mchumba wake, akayachapa, yakawa kurasa 45. Mahakama za nchini mwake zilimpa haki mwajiri. Baraza Kuu, kwa kura 11 dhidi ya 6, lilisema hazikuilinda faragha yake. Halikusema kwamba mwajiri haruhusiwi kukagua. Lilitaka yapimwe maswali ambayo hayakupimwa: je, mfanyakazi alijulishwa mapema? Ukaguzi ulifika kina gani? Palikuwa na sababu ya kuyasoma maneno yenyewe, au njia nyepesi zaidi ingetosha?

Mswahili hahitaji wakili wa kumfafanulia swali la kwanza. Hilo ndilo hodi. Mwenye nyumba ya kupangisha ni mwenye nyumba kweli, lakini naye hupiga hodi mlangoni kwa mpangaji. Mwajiri wangu angeweza kujibu kwamba alipiga hodi katika ule mwongozo niliousaini. Nakubali, kwa shingo upande. Hodi iliyopigwa miaka sita iliyopita, katikati ya karatasi nyingi za siku ya kwanza, ni hodi ya kisheria. Sijui kama ni hodi ya kiungwana. Na swali la tatu lingali palepale. Kuthibitisha kosa langu kulihitaji tarehe, saa na anwani ya dada yangu. Hakukuhitaji neno hata moja alilolisema.

Siku ya kikao nilifuatana na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mama mmoja mtu mzima aliyezaliwa Jamaica. Sheria ya hapa ya mwaka 1999 humpa mfanyakazi haki ya kufuatana na mwenzake kazini au mtu wa chama, na haki hiyo nilielewa thamani yake nilipoketi: hata kwetu mtu haendi peke yake mbele ya wazee. Mezani walikuwa watu watatu, wapole, wala sina la kuwalaumu kwa sauti zao. Mmoja aligeuza ukurasa akaniuliza kuhusu sentensi moja. Dada aliandika kwamba mama asiambiwe, na kwamba sisi wawili "tumsitiri" kaka. Programu ilikuwa imelitafsiri neno hilo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuficha, kama mtu anavyofichwa asikamatwe. Muulizaji alitaka kujua tulikuwa tukimficha nani, na kwa nini kwa kutumia mtambo wa ofisi.

Nilijaribu kueleza. Nilisema kumsitiri mtu ni kumfunika ili heshima yake isalie, kama unavyomfunika mgonjwa shuka mgeni anapoingia. Nilijisikia nikieleza zaidi ya nilivyotaka, kwa sababu huwezi kuieleza sitara bila kusema ni nini kilichositiriwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 41, humtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu za kutaka kumwachisha kazi kwa lugha anayoielewa. Ni kifungu chenye busara. Mimi Kiingereza nakielewa; waliohitaji kuelewa lugha, mchana ule, walikuwa waamuzi. Ushahidi wote ulikuwa katika lugha ambayo kati yetu watano niliijua mimi peke yangu, yaani mshtakiwa.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo halikuwamo katika ile barua ya kurasa 2. Kosa langu kwa mwajiri lilikuwa dogo na lina kipimo: dakika kadhaa, karatasi kadhaa. Kosa kubwa nililitenda kwa watu wawili ambao hawakuwa wafanyakazi wa ofisi ile wala hawakusaini mwongozo wake. Kaka alimpa dada siri yake. Dada akanipa mimi. Nami nikaiweka katika nyumba ya watu, huku nikijua kwamba funguo si zangu. Dada hakujua anwani ile ni ya nani. Aliona jina langu akaamini kwamba mwisho wa barua ni mimi. Mimi ndiye niliyejua, nami sikumwambia, kwa sababu kumwambia kungenipunguzia wepesi.

Nilikwenda kikaoni nikiwa nimejiandaa kudai faragha yangu, na ninaamini bado kwamba dai hilo lina haki. Lakini faragha ya barua haigawanyiki nusu kwa nusu. Anayelalamika kwamba mlango wake ulifunguliwa bila hodi lazima ajiulize pia alimwingiza nani ndani, na kama alimwambia mlango haufungiki. Kwa kosa hilo hakuna ofisi itakayoniita, wala hakuna mwakilishi atakayeketi kando yangu.

Nilipewa onyo la maandishi, litakalokaa katika faili langu miezi 12, kisha lifutwe. Niliomba tafsiri zile zisihifadhiwe pamoja nalo, wakakubali. Ugonjwa wa kaka sikuutaja humu na sitautaja. Yeye mwenyewe amekwisha kutangulia mbele ya haki, na siri yake haikufa pamoja naye.

Baada ya arobaini nilimpigia dada simu nikamweleza yote. Aliniuliza ni watu wangapi waliosoma. Nikamwambia watatu niliowaona. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama walisoma na ile barua ya usiku wa Alhamisi. Nikamwambia ndiyo, waliisoma. Hakunilaumu. Tangu siku hiyo haniandikii. Akiwa na neno, hunipigia, na kabla ya salamu huniuliza kwanza niko wapi.